Baba alitafuta poti ya kompyuta, akakuta siri ya bintiye

Kwa miezi mitano, kila mtu katika nyumba hiyo ya Tabata, Dar es Salaam, alijua kwamba kompyuta ya mezani ikiwashwa lazima ubonyeze F1. Inaandika maneno meupe kwenye kioo cheusi, inasubiri, unabonyeza, inaendelea. Hata kitinda mimba wa miaka mitatu alikuwa anajua. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ni mashine ya zamani, baba aliinunua ofisini walipokuwa wakiuza vifaa chakavu. Mama alishataka itolewe sebuleni mara nyingi. Ilibaki kwa sababu moja: nyuma yake ina poti ya kizamani yenye pini tisa, ile ambayo mafundi huiita COM. Glukomita ya binti yao, zawadi ya shangazi aishiye Uingereza, ina waya unaoingia kwenye poti hiyo tu. Laptop za siku hizi hazina.

Binti ana miaka 14. Ana kisukari aina ya kwanza tangu akiwa na miaka tisa. Mwili wake hautengenezi insulini, kwa hiyo anajidunga sindano kila siku na anatakiwa kupima sukari mara kadhaa. Glukomita yake hutunza vipimo 150 vya mwisho, kila kimoja na tarehe na saa. Zamani, siku moja kabla ya kliniki, baba alikuwa akichomeka waya, vipimo vinahamia kwenye programu, anachapa grafu na kumpelekea daktari.

Kisha ukaja msimu wa umeme kukatikakatika, na siku moja programu ikasema haioni kifaa chochote. Baba akajaribu mara mbili tatu, akaamua kwamba waya umekufa. Akamnunulia binti daftari aandike mwenyewe.

Daftari lilipendeza. 6.2, 7.1, 6.8, 5.9. Wazazi wakamsifu.

Mwezi uliopita majibu ya kipimo cha HbA1c yakatoka: asilimia 10.4. Kipimo hicho huonyesha hali ya sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na mtu mwenye namba za daftari lile hawezi kufika huko. Daktari hakugomba. Aliomba aione glukomita, binti akasema ameisahau nyumbani. "Basi wiki ijayo mniletee kumbukumbu za mashine," daktari akasema.

Jumamosi baba akampigia simu fundi anayemfahamu, akamweleza. Fundi aliuliza swali moja tu: "Mzee, ikiwaka inakudai F1?" Kumbe tatizo lilikuwa hapo siku zote. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo kama sarafu, CR2032, inayotunza tarehe na mipangilio mashine ikiwa haina umeme. Betri ikiisha, umeme ukikatika kompyuta inasahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Kwa mashine hii, mipangilio ya kiwandani iliifunga poti ya pini tisa.

Baba alinunua betri, akachomoa waya wa umeme, akafungua kasha, akagusa chuma ili kuondoa umemetuli, akabadilisha. Ile ya zamani mama aliipokea, akaizungushia gundi ya karatasi na kuiweka juu ya kabati. Alifanya vyema. Mtoto mdogo akimeza betri ya aina hiyo inaweza kukwama kooni na kuunguza nyama za ndani kwa muda wa saa mbili tu, hata kama imeisha nguvu. Ikitokea, ni kwenda hospitali mara moja, si kusubiri itoke haja kubwa.

Ikabaki kazi ya kuifungua poti. Unawasha, unabonyeza kitufe cha Delete haraka, unaingia kwenye ukurasa wa buluu uitwao BIOS. Maandishi yake ni madogo na baba miwani yake ilikuwa imevunjika mkono. Akamwita binti amsomee.

Binti alikuwa anajua kitakachoonekana waya ule ukifanya kazi. Angeweza kusema hajaelewa maandishi, na baba angekata tamaa kabla ya chakula cha mchana. Alisimama nyuma ya kiti, akasoma mstari kwa mstari, hadi akafika kwenye poti ya kwanza.

"Baba, hapa pameandikwa Disabled."

Wakabadilisha. Kompyuta ikawapa machaguo: 3F8 na IRQ 4, au 2F8 na IRQ 3. Ukiichukulia poti kama nyumba, namba ya kwanza ni anwani yake na ya pili ni kengele yake, na vifaa viwili wakigombea kengele moja vinaweza kugoma vyote. Walichagua ya kwanza, ndiyo COM1 ya kawaida, wakahifadhi kwa F10. Kwenye programu nako wakachagua COM1. Waya ukachomekwa. Vipimo vikaanza kuingia.

Lakini grafu ya siku 30 ilikuwa tupu. Baba akatikisa waya, akarudia. Tupu. Ilimchukua muda kutazama pembeni ya kioo: kompyuta ilidhani ni tarehe 1 Januari 2004. Betri mpya ilikuwa imewekwa, tarehe haikurekebishwa. Alipoirekebisha, grafu ikajaa.

Jioni nyingi zilikuwa na 15, 17, moja ilikuwa 19.3. Kulikuwa na siku tatu mfululizo bila kipimo hata kimoja. Na saa tisa za usiku, mara nne, kulikuwa na 3.1 au 3.4. Chini ya 3.9 ni sukari iliyoshuka, na usingizini ni hatari.

Baba alisimama. Mama, aliyemjua mumewe, alimwahi: "Baba watoto, kaa kwanza. Mtoto aseme."

Alisema huku akitazama sakafu. Sindano ya mchana alikuwa haichomi, kwa sababu shuleni mahali pekee pa faragha ni chooni na wenzake walianza kunong'ona kwamba anatumia dawa za kulevya. Jioni akikuta sukari imepanda anaongeza insulini kwa kukisia. Usiku anaamka ametota jasho, anatetemeka, anakwenda jikoni kulamba sukari. Mama akakumbuka kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akimlaumu dada wa kazi kuhusu sukari hiyo.

"Na hizo siku tatu?" baba akauliza.

Vijiti vya kupimia vilikuwa vimebaki vichache. Aliwasikia wazazi chumbani wakibishana bei yake, baba akisema mtoto huyu anamaliza mshahara. Akaona abane matumizi.

Baba alikaa. Baadaye alitoka nje, akazunguka nyumba, akarudi. Ni kweli aliyasema maneno yale, na hakuwa na namna ya kuyafuta. Alimwambia, "Nisamehe, mwanangu. Vijiti ni kazi yangu mimi kuvitafuta."

Jumatatu mama alikwenda shuleni. Mwalimu wa malezi alitoa ofisi yake itumike kila saa saba mchana, dakika kumi tu. Dada wa kazi naye aliombwa radhi, jambo ambalo lilimshangaza zaidi kuliko shutuma.

Kliniki walikwenda wote watatu. Binti ndiye aliyempa daktari karatasi, akamwonyesha mwenyewe zile 3.1 za usiku. Daktari akapunguza dozi ya jioni, akaandika upya ya mchana, na kumwagiza asiongeze kwa kukisia tena, apige simu. Namba bado si nzuri. Jumatano iliyopita ilikuwa 13.4, na binti aliitangaza mwenyewe mezani wakati wa chakula cha usiku.