Kioo Kilicholegea

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba hasira hasara. Methali hiyo nilikuwa nikiitumia kupamba insha zangu tu, hadi mwezi wa Aprili uliopita iliponigeukia mimi mwenyewe.

Baba ana gari kuukuu aina ya Toyota Corolla, lile ambalo watu huliita 110. Limenishinda umri kwa miaka mingi. Kila alfajiri yeye na mama hulitumia kwenda soko la Wakulima, maarufu kama Marikiti, kuleta sukuma wiki na nyanya ambazo mama huuza mtaani kwetu. Ndilo linalotulisha na ndilo linalonilipia karo.

Wasomaji wengi mtaikumbuka safari ya chama chetu kwenda Mombasa kuitazama Fort Jesus. Mimi sikwenda. Jioni ile nilipomwomba baba pesa ndani ya gari, alijibu, "Mwezi huu hakuna, mwanangu." Nilishuka nikaubamiza mlango, puu! Humo ndani ya mlango nikasikia kitu kikianguka, kli! Nikajifanya sikusikia.

Kesho yake mama alibonyeza swichi ili afunge dirisha. Mota ililia, kioo kikapanda upande mmoja, kikainama kama mlevi, kisha kikazama chote ndani ya mlango. "Gari limezeeka," baba akasema. Mimi nikatazama chini.

Masika yalikuwa yamepamba moto. Kiti cha upande ule ndicho cha mama. Alibandika kipande cha nailoni dirishani, lakini upepo uliking'oa. Siku tisa alirudi kutoka sokoni bega moja limelowa chepechepe, na siku ya saba alianza kukohoa. Kila alipokohoa usiku, mimi ndiye niliyekosa usingizi. Kweli, mchuma janga hula na wa kwao.

Fundi mmoja alitaka shilingi 4,000. Baba akaguna. "Jumamosi tutatengeneza wenyewe."

Jumamosi ilipofika, alitoa bisibisi, spana namba kumi na selotepu pana. Tulifungua skrubu za mkono wa mlango, tukaubandua ubao wa ndani polepole, maana klipu zake za plastiki zikizeeka huvunjika upesi. Tukachomoa waya za swichi. Nyuma ya ubao kulikuwa na nailoni ya kuzuia maji, nayo tukaibandua bila kuirarua. Baba akamulika kwa tochi ya simu. "Hebu njoo uone."

Kumbe kioo hakishikwi na mota! Kioo hufungwa kwa bolti mbili juu ya reli ya chuma. Mota huzungusha mikono ya chuma, mikono huinua reli, nayo reli huinua kioo. Bolti moja ilikuwa imelegea. Ya pili haikuwepo.

"Tia mkono huko chini, wako ni mwembamba," baba aliniambia. Nilipapasa kwenye tope na kutu hadi nikaipata. Ndiyo ile iliyolia kli.

Tulikivuta kioo juu kwa mikono, tukakibandika kwa selotepu kwenye fremu kisianguke. Baba alirudisha waya za swichi ili aipandishe reli ikutane na kioo. Nilipotaka kuielekeza kwa mkono alifoka, "Wee! Toa vidole! Mota haijui kama ni kioo au ni kidole!" Akauchomoa ufunguo wa gari ndipo akaniruhusu kutia mkono.

Nikiwa nimeishika ile bolti, nikashindwa kuendelea. "Baba, hii niliiangusha mimi. Siku ile ya pesa za Mombasa."

Alinyamaza kitambo. "Bolti hailegei siku moja," akasema. "Nilikuwa nikisikia kioo kikigongagonga, nikapuuza. Wewe ulimalizia tu. Lakini siku tisa, mwanangu? Mama yako amelowa siku tisa, na wewe unajua? Nenda ukamwambie yeye."

Tulizitia bolti zote mbili kwa vidole kwanza, tukahakikisha kioo kimekaa sawa, ndipo tukakaza kwa spana, ila si kwa nguvu kupita kiasi, maana kioo hupasuka. Raba za pembeni tulizipangusa tope tukazipuliza dawa ya silikoni. Oili huziharibu. Swichi ikabonyezwa, kioo kikapanda wima mpaka juu.

Kisha nikaenda jikoni. Mama alinisikiliza mpaka mwisho huku akikata sukuma, halafu akasema, "Jumatatu utaamka saa kumi alfajiri, tuende wote Marikiti ukanibebee gunia." Niliamka. Mvua ilinyesha njia nzima, na bega la mama likawa kavu.

Ndugu msomaji, ukisikia kitu kinagongagonga, kikaze mapema. Na ukikosa, sema siku hiyo hiyo. Usingoje siku ya kumi kama mimi.