Nilitaka Kuingia kwa Geti la Mbele

Wasee, kuna kitu sijawahi kusema kwa video. Miezi miwili iliyopita nilikuwa karibu kutoa akiba yangu yote ndio niwe mwanachama wa klabu ya gofu. Eeh, mimi.

Ilianza na mteja mmoja ninayemfanyia video. Akaniambia, "Kijana, gofu ndio ofisi. Mashimo 18 ni karibu masaa manne na mtu ambaye hawezi kukukatia simu." Akajitolea kunipendekeza kwa klabu yake, maana huko hauingii tu na pesa, lazima mwanachama akudhamini.

Nikapewa bei. Kiingilio 250,000. Ada ya mwaka 84,000. Mgeni wa mwanachama analipa 3,000 kwa raundi. Kedi unamlipa kando, uwe mwanachama au mgeni.

Nikachukua kalamu. Kiingilio nikikigawa kwa miaka mitano ni 50,000 kwa mwaka. Ongeza ada, ni 134,000. Ndio nisipate hasara, lazima nicheze raundi 45 kila mwaka, yaani karibu nne kila mwezi. Na hapo sijanunua vijiti, viatu, wala mipira ya kupoteza kwa vichaka. Mimi Jumamosi huwa nashoot harusi. Hizo raundi nne ningezitoa wapi?

Kwa hivyo hesabu ilisema hapana mapema sana. Lakini bado nilitaka, na hapo ndio nilijiuliza kwa nini.

Baba yangu alikuwa kedi miaka kumi na moja. Alikuwa anapitia geti la nyuma, anangoja kwa benchi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, siku zingine anarudi bila kazi. Si mnajua viwanja vyetu vilivyo? Royal Nairobi iko tangu 1906, na imepakana na Kibera. Upande mmoja nyasi, upande mwingine mabati. Nimekua nikiangalia nyasi kama hizo kutoka nje. Hiyo 250,000 nilikuwa nanunua geti la mbele.

Nikamwambia mzee. Nilidhani atafurahi. Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi nimetembea huo uwanja miaka kumi na moja, na wao ndio walikuwa wananilipa. Sasa wewe unataka kuwarudishia?" Halafu akanyamaza kidogo. "Mdogo wako anaingia chuo Septemba. Hiyo ni geti pia."

Sikuwa na jibu.

Sisemi gofu ni ya matajiri pekee. Wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianza kama makedi. Na kama unacheza kila wiki, au kazi yako kweli inapatikana huko, uanachama unaweza kujilipa. Lakini ukitaka kuingia ndio watu fulani wakuone, jua unalipia macho ya watu, na hiyo ada haina mwisho.

Siku hizi Jumapili naenda na mzee uwanja wa mazoezi. Unalipia ndoo ya mipira, unakodi kijiti, basi. Ananirekebisha mikono, ananiambia nimeshika kijiti kama jembe. Kwa miaka hiyo yote alibeba mifuko ya wengine. Jumapili iliyopita nilimbebea yeye kijiti.

Wewe je, kuna geti gani unalipia ambalo hata haulihitaji?