Kununua Gari la Mbio Lililotumika: Tahadhari kwa Wazazi na Vijana



Mama zangu, dada zangu na watoto wetu, katika ukurasa huu nimezoea kuandika juu ya malezi, mirathi na adabu za nyumba. Leo naandika juu ya gari, na naomba asistaajabu mtu. Fedha za kununulia gari la kijana mara nyingi hutoka katika sanduku la mamake, na gari lenye ila iliyofichwa huleta msiba sebuleni kabla halijafika gereji. Hapa Watamu, na hata Gede na Malindi, nimeitwa zaidi ya mara moja kusuluhisha ndugu waliogombana kwa sababu ya gari lililokufa mwezi mmoja baada ya kununuliwa. Kila mara nasikia neno lile lile: "Sheikh, tuliliona linang'aa."

Gari wanalolitamani sana vijana wetu ni Subaru, hasa ile Impreza yenye turbo iitwayo WRX. Mapenzi haya yana asili yake. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally katika nchi yetu akiendesha Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa Impreza vile vile. Mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, kizazi kingine kikashikwa na hamu ile ile. Sihukumu hamu hiyo. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwashindanisha farasi mjini Madina, na kupenda chombo chepesi si dhambi. Lakini gari la namna hii huendeshwa kwa nguvu, na wako wenye magari ambao huyauza pale wanapoisikia injini ikianza kulalamika. Ndipo linapopakwa rangi, likaoshwa, likatafutiwa maneno matamu.

Mwaka jana dada yangu, ambaye ni mjane, alinijia pamoja na mwanawe. Kijana anafanya kazi hotelini hapa Watamu, naye alikuwa amedunduliza nusu ya bei. Nusu ya pili mamake alikusudia kuitoa kwa kuuza bangili zake nne za dhahabu, alizopewa mahari. Gari lenyewe, WRX ya rangi ya buluu, lilikuwa Mombasa kwa dalali mmoja, na bei yake ilikuwa chini ya bei za wengine kwa karibu shilingi laki mbili. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, hii ni bahati." Nikamwambia kwamba bahati ya kweli haiogopi fundi, basi twende naye.

Tulifika asubuhi. Muuzaji alitupokea kwa bashasha, akatuita wazee wake, akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba gari lilikuwa la mama mmoja mtu mzima aliyeliendesha kwenda sokoni tu. Kipima mwendo kilionyesha kilomita 62,000. Fundi wetu hakuitazama rangi. Aliweka kiganja juu ya boneti, akaninong'oneza kwamba injini ina moto. Mtu alikuwa ameiwasha kabla hatujafika. Kisha akafungua mlango wa dereva, akatuonyesha mpira wa kanyagio la klachi, umelika hadi chuma kinaonekana. Mwendo wa sokoni haulimalizi kanyagio namna ile. Ubavuni mwa mlango palikuwa na kibandiko cha gereji kilichosahauliwa chini ya vumbi, kimeandikwa kilomita za siku ambayo mafuta ya injini yalibadilishwa: 171,000.

Tukiwa tunaliangalia, akaja mtu akasimama kando ya gari, akizungumza kwa simu kwa sauti kuu kwamba yuko tayari kulilipia jioni ile ile. Muuzaji akatutazama kwa huruma. Dada yangu hakusema neno. Tukatoka, tukaswali adhuhuri, tukala, tukarejea baada ya alasiri injini ikiwa imepoa. Gari halikuwa limeuzwa, na yule mnunuzi wa jioni alikuwa ameketi ofisini mwa muuzaji akinywa chai. Fundi akaiwasha injini. Bomba likatoa moshi wa samawati. "Linakula oili," akasema. Muuzaji akajibu kwamba magari yote ya turbo ndivyo yalivyo. Hapo dada yangu akanena kwa mara ya kwanza: "Kaka, aliyetudanganya kwenye kilomita, nitamwaminije kwenye breki? Mwanangu ndiye atakayeketi humo." Tukarudi Watamu na bangili zake.

Ndugu zangu, kurudisha nyuma kilomita si ujanja mpya. Zama za Mtume (s.a.w.) walikuwako wauzaji waliomwacha ngamia au mbuzi siku kadhaa bila kumkamua, chuchu zimefungwa, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani kuwa ni mnyama wa maziwa mengi. Wanavyuoni huuita udanganyifu huo tasriya. Mtume aliukataza, na akampa mnunuzi hiari: akiridhika abaki na mnyama, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokamua. Kiwele kilichojazwa kwa hila na kipima mwendo kilichorudishwa nyuma vina hukumu moja. Yule mwenye simu naye ana jina lake katika vitabu vya fiqhi. Kazi yake huitwa najshi, yaani kuonyesha hamu ya bidhaa bila nia ya kununua ili mwingine aharakishe au aongeze bei. Nayo imekatazwa. Ama kiapo, tumefunzwa kwamba huenda kikaiuza bidhaa, lakini huiondolea baraka. Muuzaji anayeapa kabla hajaulizwa, mwogopeni.

Na mnakijua kisa cha rundo la nafaka sokoni. Mtume alitia mkono ndani yake, vidole vikakuta majimaji. Mwenyewe akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu iliyolowa ili watu waione, kisha Mtume akatangaza kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Katika kisa hiki mnunuzi naye ana funzo: mkono uliingia ndani ya rundo. Haukuishia juu juu.

Sasa niyataje ya kutenda. Kwanza, tazameni karatasi kabla ya rangi. Ombeni kitabu cha umiliki, yaani logibuku, na mlinganishe jina lililomo na kitambulisho cha anayeuza. Kama ameandikwa mwingine, mwenyewe aje. Fanyeni upekuzi wa kumbukumbu za gari katika NTSA kupitia eCitizen, mjue mwenye gari ni nani, na kama benki au mkopeshaji ameandikwa pamoja naye. Gari lililowekwa rehani ya mkopo laweza kuchukuliwa mlangoni kwenu hali mmekwisha kulilipia. Nambari ya chasisi iliyochongwa kwenye chuma ilingane na ile ya karatasi, tarakimu kwa tarakimu.

Pili, msibabaishwe na neno "limetoka Japani juzi". Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Herufi za namba nazo hufuatana kwa wakati, na gari lenye namba inayoanza na KB halikusajiliwa jana. Kama kweli limetoka Japani, ombeni karatasi ya mnada wa huko. Karatasi hiyo huonyesha kilomita na daraja la hali ya gari, na herufi R hapo humaanisha kwamba gari limewahi kuharibika na kutengenezwa.

Tatu, injini iwashwe ikiwa baridi, nanyi mmesimama nyuma ya gari. Moshi wa samawati ni mafuta ya injini yanayoungua. Moshi mweupe mzito usiokoma ni dalili ya maji kuingia pasipostahili. Ulizeni pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa risiti. Katika Subaru za turbo za miaka ya nyuma hubadilishwa karibu na kilomita 100,000, na ukikatika injini huweza kuharibika papo hapo.

Nne, tazameni magurudumu. Subaru hizi husukumwa na magurudumu yote manne, hivyo tairi zote ziwe za kipimo kimoja na zimelika sawasawa. Mwenye kuchanganya tairi huumiza mitambo inayogawa nguvu, na matengenezo yake ni ghali.

Tano, inueni zulia. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 magari mengi yalilowa, na maji hayasemi yalipopita, ila huacha harufu, matope chini ya viti na kutu kwenye bolti. Sisi watu wa pwani tunaijua chumvi inavyokula chuma, basi lipandishwe juu ya jeki fundi alitazame tumbo. Fundi huyo mumlete nyinyi. Asiletwe na muuzaji.

Kuhusu arubuni nina neno la pekee. Vijana hutuma fedha kwa simu ili "washikiwe" gari wasilolitia machoni. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, mauzo yenye sharti kwamba arubuni itapotea mnunuzi asipoendelea hayasihi, ingawa Mahanbali wameyaruhusu. Hata ukiacha hukumu, fedha iliyotangulia hulegeza jicho. Mtu huanza kuzitetea kasoro ili asiipoteze.

Na mkishanunua ikadhihirika ila ya zamani iliyofichwa, sheria yetu inampa mnunuzi hiari ya kurudisha. Lakini adai mara moja na aache kulitumia gari, kwani kuendelea kulitumia ni kama kuridhia. Muuzaji kusema "nimekuuzia kama lilivyo" hakumwondolei dhambi ya ila aliyoijua akainyamazia. Ikibidi kwenda mahakamani, fahamuni kwamba Mahakama ya Kadhi, kwa Katiba ya 2010, husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Mauzo ya gari hayamo. Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja iko Mahakama ya Madai Madogo. Basi mapatano yaandikwe na kushuhudiwa, kama Qur'ani ilivyotuamrisha kuandika madeni.

Nasi pia huuza. Imesimuliwa kwamba Jarir bin Abdullah (r.a.) alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona, akamwendea mwenyewe akamwambia farasi wako ni bora kuliko bei hiyo, akawa anaongeza hadi akamlipa 800, kwa kuwa alikuwa amemuahidi Mtume kumtakia kheri kila Mwislamu. Huyu alikuwa mnunuzi, na hasara ya muuzaji ilimkera. Basi kijana wetu akiuza gari lake, mamake amuulize: umemwambia mwenzio habari ya ule moshi?

Mama zangu, msiambiwe kwamba magari si mambo yenu. Dhahabu ni yenu, na anayeketi nyuma ya usukani ni mwanenu. Ulizeni, semeni "tutarudi alasiri", na asiyeweza kungoja hadi alasiri muacheni na gari lake.

Mwenyezi Mungu aturuzuku halali, awalinde watoto wetu njiani, na atie baraka katika kununua na kuuza kwetu. Wabillahi tawfiq.