Chokaa ya mjomba na limau langu

Nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wa kemia alitufundisha anhidraidi. Asidi au besi ukiiondolea maji, alisema, kinachobaki ndicho anhidraidi yake. Kuitambua, tazama kilichoungana na oksijeni. Kama ni metali, mfano kalsiamu, ukiongeza maji utapata besi. Kama si metali, mfano kaboni au salfa, mara nyingi utapata asidi. Niliyakariri yote, nikapata alama nzuri.

Likizo ile nilimkuta mjomba akizima chokaa kwenye pipa ili apake nyumba. Chokaa inayotoka tanurini ni oksidi ya kalsiamu, yaani anhidraidi ya besi. Ikikutana na maji huchemka. Uji wake uliruka, ukamwingia jicho la kulia. Akapiga yowe.

Mimi, bingwa wa kemia, nikakimbilia jikoni kuchukua limau. Besi si huzimwa na asidi? Bibi alinipiga mkono, limau likaanguka.

“Unataka kumpofusha mjomba wako? Lete maji!”

Alimfuta chembe za chokaa usoni kwa ncha ya kanga, akamlaza ubavu, akamfungua jicho na kummiminia maji, kata baada ya kata, hadi usafiri ulipofika. Hospitalini waliendelea kumuosha.

Miaka baadaye, nikiwa mwandishi wa afya, nilimuuliza daktari wa macho. Alinieleza kwamba besi kali huyeyusha mafuta ya seli na kupenya ndani ya jicho, mara nyingi kuliko asidi. Ukiongeza asidi, unaongeza joto na jeraha la pili. Dawa ya kwanza ni maji safi mengi, papo hapo, kwa nusu saa hivi, kisha hospitali bila kuchelewa.

Mjomba anaona, ila jicho lile lina ukungu. Hajawahi kunilaumu. Mimi ndiye ninayelikumbuka lile limau.

Mzazi mwenzangu, kama unazima chokaa nyumbani, watoto wakae mbali. Vaa miwani ya kazi, tia chokaa kidogo kidogo kwenye maji mengi, na weka ndoo nyingine ya maji safi pembeni. Hata chokaa ya mfuko iliyokwisha kuzimwa bado ni besi. Na limau libaki jikoni.