Majani si karafuu

Mpwa wangu mpenzi,

Mrehani na mchaichai uliotuma umefika huku Wete. Nilifikicha majani kiganjani, nikanusa: harufu ya nyasi kavu tu, na rangi imepauka. Bila shaka umeyaanika juani, jamvini, kama tunavyoanika karafuu.

Karafuu ni tumba gumu, mafuta yake yamo ndani wala hayaruki upesi. Jua kali ndilo linaloifaa. Mrehani mafuta yake yamo kwenye vifuko vidogo mno juu ya ngozi ya jani, na jua likivipiga yanapotea hewani. Ile harufu nzuri inayojaa uani siku ya kwanza ndiyo dawa yenyewe, mwanangu, na ndiyo bei yako, inakwenda zake. Mlonge nao ukiuanika juani unapoteza sehemu kubwa ya vitamini A.

Kata asubuhi, umande ukishakauka, na mrehani uuwahi kabla haujachanua sana. Anika kivulini penye upepo, juu ya chanja, tabaka jembamba, ugeuze. Ukitaka wavu wa kutandika, usitumie chandarua chenye dawa ya mbu, maana majani haya yananywewa. Wala usiyatundike juu ya jiko, moshi haubanduki. Ukipata kikaushio, joto lisipite nyuzi 40.

Jioni yaingize ndani, yasinywe umande. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha: jani limekauka, wao wanafunga mzigo, kumbe kijiti bado kina maji. Kivunje. Kikipinda, rudisha kwenye chanja; kikikatika kwa mlio, funga. Unyevu ukibaki, kuvu huota mle mle mfukoni, na mzigo ulioota kuvu hauchambuliwi, unatupwa wote, kwa sababu sumu ya kuvu haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kuchemsha.

Hifadhi majani mazima, kwenye chombo kikavu kisichopitisha mwanga, na uandike tarehe. Unga unapoteza harufu haraka, basi yasage mteja anapokuja.

Huo mzigo uliopauka usimuuzie mtu kwa jina la dawa, hata akikubembeleza. Mgonjwa anayenunua kwako hana namna ya kupima, anakuamini wewe. Anza upya wiki hii, kabla masika hayajaingia, kisha niletee kidogo ninuse.

Wabillahi tawfiq,
Mjomba wako