Mota ya mashini ya kushona: tuifungue sisi wenyewe

Juma hili sitaongea juu ya masomo ya watoto. Naongea juu ya kale kamota ka umeme kanakofungwa pembeni ya mashini ya kushona.

Hapa Alunguli mota ikikataa, tunaifunga katika kitambaa, tunavuka Lualaba kwa mtumbwi mpaka Kasuku, tunaiacha kwa fundi siku nne, tano. Mwezi wa nane, wazazi wakingoja mashati meupe na sketi za buluu, siku tano ni chakula cha nyumba. Na mara nyingi ugonjwa ni uchafu tu.

Yangu ilikuwa inatoa cheche nyingi, kisha ikakataa kuzunguka bila kusukumwa na mkono. Kwanza nilichomoa waya. Chomoa hata kama grupu imezimwa, maana jirani anaweza kuiwasha bila kukuuliza. Pembeni kuna vifuniko viwili vya kufungua kwa turnevisi. Nyuma ya kila kimoja kuna kipande cha kaa chenye springi. Mafundi wanakiita sharbo. Ndicho kinachopeleka umeme kwenye shaba inayozunguka, na kwa kuigusa kila saa kinasagika. Unga wake mweusi ukichanganyika na nyuzi za vitambaa na vumbi letu, kaa linakwama. Nilitia alama ili kila kaa lirudi upande wake, vilevile lilivyokuwa limegeukia, kwa sababu limekwisha kufuata umbo la shaba.

Unga niliutoa kwa mswaki mkavu, shaba nikaipangusa kwa kitambaa chenye alkoli kidogo, nikaacha vikauke kabisa. Kisha tone moja la mafuta ya mashini kwenye kila tundu la mafuta. Si mawese! Mawese yanaganda na kushika vumbi. Na mafuta yoyote yasiguse makaa.

Mama mkwe alisimama mlangoni: “Mwanangu, hiyo ni kazi ya wanaume.” Nilimwambia mikono inayochambua mawe katika mchele inatosha kwa skrubu hizi. Alicheka, akaniletea taa. Usiku huo nilimaliza sketi tatu.

Makaa yakiwa mafupi sana, nunua mapya, yote mawili pamoja. Waya za ndani zikinuka kuungua, hapo vuka tu kwa fundi. Alkoli bado ninayo. Mwenye mota iliyokwama aje nayo Jumamosi, na turnevisi yake.