Jina, Njia na Bahasha ya Kaki

Wasomaji waliozoea kunisoma nikijadili siasa na utumishi wa umma wataona mada ya leo kuwa ngeni: namna programu ya kompyuta inavyoweza kujipakilia msimbo wake yenyewe. Naomba mnivumilie. Ndani ya jambo hilo la kiufundi limo swali ambalo kila raia amekutana nalo dirishani mwa ofisi, na kila mtumishi wa umma amelikwepa walau mara moja: ni nani anayepaswa kubeba karatasi?

Likizo iliyopita nilikuwa Mugango, mwambao wa Ziwa Victoria, kusini mwa mji wa Musoma. Vijana wawili waliohitimu chuo walikuwa wakiunda mfumo mdogo wa kuhifadhi kumbukumbu za mwaloni: mitumbwi na wenye nayo, kilo za dagaa na sangara, ushuru na risiti. Waliandika kwa lugha ya PHP, nayo kazi yao ilikwenda, ila kwa taabu. Kila faili lilianza na msururu wa amri za kuita mafaili mengine: lete faili la mtumbwi, lete la mmiliki, lete la samaki, lete la malipo. Faili la ripoti lilikuwa na amri kama ishirini za namna hiyo kabla ya mstari wa kwanza wa ripoti yenyewe. Siku walipohamisha faili moja tu kutoka folda moja kwenda nyingine, kurasa nne ziligoma kufunguka.

Tukakaa kuweka upakiaji wa kiotomatiki. Chombo chenyewe ni Composer, kilichotolewa mwaka 2012 na Nils Adermann na Jordi Boggiano. Katika faili liitwalo composer.json tuliandika agizo fupi: jina la ukoo «Mwalo» makazi yake ni folda ya «src». Kuanzia hapo, klasi yenye jina kamili Mwalo\Mtumbwi hutafutwa katika src/Mtumbwi.php, na Mwalo\Malipo\Risiti hutafutwa katika src/Malipo/Risiti.php. Tukaendesha amri ya composer dump-autoload, kisha mwanzoni mwa programu tukaita faili moja tu, vendor/autoload.php. Zile amri ishirini tukazifuta. Sasa klasi huletwa pale inapotajwa kwa mara ya kwanza, na ile isiyotajwa huachwa ilale ilipo.

Mtu wa Mugango haelewi jambo hili kwa shida. Maji ya mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama huchotwa ziwani hapo kijijini, yakasukumwa kwa bomba hadi Butiama. Anayefungua koki Butiama hana haja ya kujua pampu imekaa wapi, wala hashuki ziwani na ndoo kichwani. Bomba likishalazwa na njia ikajulikana, kazi ya mtumiaji ni kufungua koki.

Lakini njia haijulikani yenyewe, na historia ya PHP inafundisha hivyo. Uwezo wa kuita msimbo pasipo kuuagiza faili kwa faili uliingia katika lugha hiyo mwaka 2004, katika toleo la 5. Programu nzima iliruhusiwa kuwa na kazi moja tu ya kuleta klasi, hivyo maktaba mbili za waandishi tofauti ziligombana mara zilipokutana, kila moja ikitaka utaratibu wake ndio ufuatwe. Baadaye ikawezekana kusajili waletaji wengi wakapangwa foleni. Hata hivyo, utulivu ulikuja pale waandishi wa miradi mbalimbali, chini ya kikundi kiitwacho PHP-FIG, walipokubaliana namna ya kuoanisha jina na mahali. Kanuni inayotumika hadi leo, PSR-4, ilipitishwa mwaka 2013. Ule utaratibu wa mwaka 2004 uliondolewa kabisa katika toleo la 8, mwaka 2020. Tazama mfuatano huo: mitambo ya kuleta ilikuwepo miaka tisa kabla ya kanuni hiyo ya PSR-4. Kilichochelewa ni mapatano.

Sasa turudi kwenye bahasha ya kaki. Mama mmoja wa Mugango aliyefiwa na mume alikuwa akifuatilia haki za watoto wake. Bahasha yake ilikuwa na nakala za kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa, cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya serikali ya kijiji na picha ndogo za pasipoti. Ukiacha picha, kila karatasi hiyo ilitoka katika ofisi ya umma, na kila ofisi aliyoingia ilidai nakala ya kile ambacho ofisi nyingine ya umma ilikuwa nacho tayari. Kila nakala ina bei yake, kila safari ya Musoma ina nauli yake, na kila siku anayoipoteza safarini ni siku asiyoanika dagaa. Serikali ilikuwa imemfanya tarishi wake asiyelipwa. Yule mama alikuwa akiandika amri za «lete faili» juu ya kila ukurasa wa maisha yake, na ukurasa mmoja ukikosa faili, maisha yanasimama.

Kulikuwa na kikwazo kingine, nacho programu ya vijana wale ilikifafanua kuliko hotuba yoyote. Kompyuta zao zilitumia Windows, ambayo kwa kawaida haibagui herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili. Seva waliyokodi ilitumia Linux, ambayo hubagua. Faili walilolihifadhi kwa jina la mtumbwi.php lilifunguka vizuri nyumbani. Lilipofika kwenye seva, jibu likawa kwamba klasi ya Mtumbwi haipo. Ilikuwepo, palepale kwenye folda, lakini mashine haina huruma ya kukisia. Kwetu Mara jina la Mafuru huandikwa pia Mafulu, kutegemea sikio la karani wa siku hiyo. Mtu mmoja anaweza kuwa Mafuru katika cheti cha kuzaliwa na Mafulu katika cheti cha shule, na tofauti ya herufi moja ikampeleka kwa wakili kuapa kwamba yeye ndiye yeye. Kijana wa programu alibadili jina la faili kwa sekunde tano. Raia hulipia kosa ambalo hakuliandika yeye.

Sisemi kwamba nchi imelala. Namba ya utambulisho ya NIDA ipo, na tuliitumia kwa mamilioni tuliposajili laini za simu kwa alama za vidole. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa nguvu na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, ina mfumo wa GovESB wa kuwezesha taasisi kubadilishana taarifa. Bomba, kwa hiyo, limeanza kulazwa. Estonia ilianza kuunganisha hifadhidata zake kwa mfumo wa X-Road mwaka 2001, lakini haikuishia kwenye nyaya: sheria yake ya taarifa za umma inakataza kuanzisha hifadhidata tofauti za kukusanya taarifa zile zile. Hapo ndipo penye uamuzi wa kisiasa. Ofisi ikibaki huru kudai nakala, itadai nakala, hata kama mfumo wa kuipata kwa kubonyeza upo mezani.

Wapo watakaouliza, nao wana haki: je, dola inayoweza kuleta kila kitu kuhusu mtu haitakuwa dola ya kuogopwa? Upakiaji wa kiotomatiki una jibu lenye adabu. Hauleti kila kitu. Huleta kilichotajwa, wakati kinapohitajika, kwa jina lake kamili. Karani wa mirathi anahitaji kujua kwamba ndoa ilifungwa na kwamba kifo kilisajiliwa. Hana haja ya faili la hospitali. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kipimo chake cha kweli kitakuwa hapo: kuacha kisichohitajika kilale kilipo.

Mtumishi wa umma unayesoma haya, kesho kabla hujamwambia mwananchi akalete nakala, jiulize karatasi hiyo ilitoka ofisi gani. Ikiwa ilitoka serikalini, basi safari hiyo ni yako. Nanyi wanafunzi mtakaounda mifumo ya nchi hii, kubalianeni kwanza juu ya majina na njia, kisha ndipo muandike msimbo.